Fiche ya Kaske na Mvua ya Mbau

Marafiki zangu wa kwaya, tangu Jumapili ile mlipomwona mama mgeni ameketi kando ya mama yangu kanisani, mmekuwa mkiniuliza swali moja: amekuja kutembea au amekuja kukaa? Nami nimekuwa nikiwajibu kwa kucheka, maana jibu lake si la kusemwa mlangoni mwa kanisa watu wamesimama na njaa zao. Leo mvua imewafukuza wateja, niko peke yangu dukani kati ya minyororo na taa za pikipiki, basi nitawaeleza yote. Nawaomba kitu kimoja tu: msimsomee mama.

Mnamjua Mama Masika, mama yangu. Macho yake yalizima polepole, kwanza sindano ikamshinda kutunga uzi, kisha nyuso za watu, kisha hata mchana wenyewe. Lakini kabla ya hapo alikuwa mwanamke wa barabara. Baba alikuwa anaendesha, yeye nyuma, na katikati yao bidoni ya mawese au gunia la mchele, kutoka Butembo mpaka Eringeti na kurudi. Ni kwa safari hizo mdogo wake, mama mdogo Kavira, alipata mume kule Eringeti akabaki. Mume huyo sasa ni marehemu, watoto wametawanyika, majirani wengi wameshahama kwa sababu mnazozijua, za waasi wanaoua watu usiku. Yeye peke yake amebaki na kakao yake. Kila mama akimpigia simu na kumwambia ashuke Butembo, mama mdogo anasema mtandao ni mbaya. Mtandao huo ulikuwa mzuri kwa habari za kuku, za mvua, za bei ya kakao. Uliharibika kwa neno hilo moja.

Mwishowe mama akaniambia, "Kahindo, unipeleke. Kwa simu anakimbia. Nikimufikia, atakimbilia wapi?"

Hiyo ndiyo ilikuwa safari yetu: kumtoa mama mdogo Kavira Eringeti.

Mususa mpaka Kabasha

Jinsi nilivyokipata kifaa changu cha kuongelea njiani naruka, ni habari ya kuchosha. Ni intakomu: visanduku viwili vidogo, kila kimoja kinabanwa pembeni mwa kaske, kofia ya pikipiki, na waya mwembamba unaingia ndani hadi kwenye spika ya sikio na maiki ya mdomo. Pale waya unapoungana na kisanduku kuna fiche, plagi ndogo kama jino la mtoto. Visanduku hivyo viwili vinasemezana vyenyewe kwa vyenyewe. Nilikitaka kwa ajili ya mama. Mtu asiyeona, umpakie nyuma ya pikipiki asisikie neno, safari yote kwake ni kurushwarushwa tu kama gunia.

Adui wa kitu kama hicho ni mvua, na adui huyo huingilia kwenye fiche. Lakini mimi si nauza vipuri? Nikafunga kila fiche kwa sashe ya plastiki, nikaizungushia ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, nikakaza kwa meno. Sisi watu wa Butembo kitu kisichofungwa kwa mpira wa tairi hatukiamini. Ndivyo tunavyofunga maharage, kuku, hata milango. Nilijisifu kwa mama mpaka akachoka: maji hayatapata pa kupita, hata yakiomba.

Tulitoka kwetu Mususa, hapa Butembo, asubuhi na ukungu. Nilianza kumweleza njia, na baada ya muda mfupi yeye ndiye aliyekuwa akinieleza mimi. Alijua mteremko kwa tumbo lake, alijua soko kwa pua.

"Tumefika Maboya, mama."

"Bon. Angalia upande wa kuume. Kuko muti mukubwa wa avoka. Baba yako alikuwa anasimamaka pale, tunakula, tunapumuzisha pikipiki."

Nikaangalia. Palikuwa na ukuta wa matofali na bati jipya.

"Haiko, mama. Balikata."

Sauti yake ilikuja sikioni mwangu karibu kabisa, kama yuko ndani ya kichwa changu. "Kahindo, mimi siwezi kuona kama balikata. Wewe sema iko."

Basi nikasema upo. Nikasema umezaa mpaka matawi yameinama, na kuna mama ameketi chini anauza. Akafurahi, akaanza kunihadithia jinsi baba alivyopasua avoka kwa ukingo wa ufunguo wa pikipiki na kumpa nusu yenye kokwa, akisema kokwa ni ya mkubwa. Baba yangu nilimjua mkali. Huyo wa avoka sikuwahi kumjua, nikatamani mti ungekuwepo kweli.

Mvua ilitukuta kwenye milima ya Kabasha. Mwanzoni nilicheka nayo. Kisha spika ikaanza kukaanga.

"Kahindo," mama akauliza, "unapika nini mule?"

Ikakaanga zaidi, sauti yake ikaja vipande vipande, ikakatika. Hapo ndipo nilipojua nimemfanyia nini mama yangu. Mtu aliyekuwa na barabara nzima masikioni, ghafla hana kitu, giza na maji tu. Akanikaba shingoni kwa mikono miwili, nusura tuingie mtaroni.

Tulijibanza chini ya bati la mama mmoja anayechoma mahindi. Aliwatazama wanawake wawili wenye kaske zinazovuja, mmoja kipofu, mmoja anapuliza kitu kidogo kwa mdomo na kukitukana. Hakuuliza. Alimpa mama hindi moja mkononi, akasema, "Kula kwanza, mama. Hayo ingine itapona." Haikupona. Tulifika Beni mama akiwa ameniegemea mgongoni.

Beni, kwa Saidi

Saidi ni msafirishaji wa Beni, mteja wangu wa miaka mingi. Baba yake alikuwa dereva, na zamani baba na mama walikuwa wakifikia kwao; yeye mwenyewe hupeleka watu na mizigo kwa pikipiki mpaka Eringeti, na alikuwa amekubali kutuongoza kwa njia ile. Alipoona jinsi nilivyofunga fiche zangu alishika kiuno.

"Dada, hii ni fiche ao furushi ya mukimbizi?"

Akakata ukanda. Maji yakamwagika kutoka ndani ya sashe kama kutoka kwenye kikombe. Nilikasirika, kwanza kwa maji, pili kwa sababu alicheka mbele ya mke wake.

"Maji hapana piga fiche," akasema. "Inatembea. Inashuka na waya, pole pole, inaingia. Sasa wewe umefunga fasi ya kuingia vibaya, na fasi ya kutoka umefunga muzuri sana. Mimi njo vile niliua intakomu ya kwanza yangu."

Akaleta kichupa cha alkoli ya famasi na kitambaa, akaanza kusugua meno ya fiche, ambayo tayari yalikuwa na kutu ya kijani. Mama, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, akainua pua.

"Saidi, mutoto yangu," akasema kwa huzuni, "mama yako alinikatalia mimi hata kuingiza kasiksi kwa lupango yake. Leo wewe unakunywa ya mujini?"

Kasiksi ni pombe yetu ya ndizi, na kwa pua ya mama alkoli ile ilikuwa pombe tu. Ilibidi Saidi ampelekee kichupa puani, na kaske, na kitambaa, na mke wake akaapa kwamba mumewe hajawahi kuonja. Mama akasema anaamini, lakini alimwambia aende asukutue mdomo hata hivyo.

Halafu Saidi akafanya kazi yake. Alikausha fiche juani, mbali na mbabula, kwa sababu moto wa makaa unakunja plastiki. Akapaka grisi nyeupe kidogo kwenye ungio. Akakata kipande cha mpira wa tairi, si ukanda wa kuzungusha bali kama mkono mfupi wa shati, akauvuta juu ya fiche, wazi kwa chini. Mwisho akaushusha waya chini ya kisanduku ufanye tumbo kabla ya kupanda tena. "Maji ikifika hapa kwa tumbo, inaanguka. Haiwezi kupanda. Maji ni muvivu." Niliona ni kweli, nikanuna nusu saa kisha nikamsifu.

Tulikula wali na maharage na sombe ya majani ya muhogo yenye mawese mengi. Mama alivaa kaske mkekani ili ajaribu, akamsalimia Saidi aliye nje ya uzio wa lupango, na watoto wa jirani wakajaa kumtazama mwanamke mzee anayekula wali na kaske kichwani.

Mbau na Oicha

Kuelekea kaskazini Saidi alitangulia, sisi nyuma. Mbau tulisimama kwenye bariere, kizuizi cha askari. Askari kijana akanifuata.

"Mama, longola casque."

Nikavua. Akiwa bado ananitazama, kaske mkononi mwangu ikasema kwa sauti ya mama, "Kahindo, sababu gani umesimama? Ni batu gani hao?"

Yule kijana aliruka. "Oyo nini? Motorola? Ozoloba na nani?" Alikuwa anataka kujua ile ni redio gani na nasema na nani. Nikamwonyesha mama nyuma yangu. Hakuamini, kwa sababu gani mtu amsemeshe kwa redio mtu anayemgusa mgongo? Akaichukua kaske yangu, akaiweka sikioni. Mama, kwa kuhisi mambo si mazuri, alikuwa ameanza Salamu Maria chini kwa chini. Askari akasikiliza muda mrefu. Akamtazama mama, midomo yake inacheza, macho yake hayaangalii popote. Akairudisha kaske kwa mikono miwili.

"Mama anasali," akawaambia wenzake. Kisha akamwinamia. "Mama, uniwekeye na mimi mule ndani."

"Jina yako?" mama akauliza. Akamtajia, naye akamwekea.

Oicha tulingoja mpaka magari yakusanyike ili tuende pamoja. Tulikula ndizi za kuchoma na karanga, tukaangalia mawingu, mama akalala ameketi. Ndivyo barabara ile ilivyo siku hizi. Mama alipoamka akasema zamani Oicha yeye na baba walikuwa wanapita wakiimba, tena kwa sauti mbaya, maana baba hakujua kuimba.

Eringeti

Mama mdogo Kavira alitupokea kwa vigelegele vya mtu mmoja. Kiwanja chake kimefagiliwa, lakini nyumba za kushoto na kulia zimefungwa kwa misumari. Aliushika uso wa dada yake, yaya wake kama anavyomwita, akautazama kila upande, akasema amezeeka vibaya. Mama akampapasa uso wake kwa vidole, akasema yeye ndiye amezeeka, kwanza meno yako wapi?

Siku tulizokaa pale zilikuwa nzuri kuliko zote za mwaka huu. Bugali na samaki wa chumvi wa makayabu, mboga ya lengalenga ya nyuma ya nyumba, wawili hao wamelala kitanda kimoja kama wasichana na kugombania blanketi. Lakini kila mama alipotaja Butembo, mama mdogo alisimama kwenda kugeuza kakao zake kwenye turubai.

Siku ya mwisho mama alimshika kitenge ili asisimame.

"Kavira, tuende na sisi."

"Yaya, nilimuambia marehemu pale kaburini alilala. Nilipiga magoti, nikamuambia, mimi hapana hama. Batu basikie nini kesho? Kwamba nilimuacha na majani?"

"Na wakikuua hapa?"

"Basi tutalala wote wawili."

Alisema kwa upole, bila hasira, na ndiyo maana nilijua tumeshindwa. Mama alimwachia kitenge. Nilimsaidia kuvaa koti, nikamfunga vifungo. Tulikuwa tumekuja bure.

Kusindikizwa

Hapa lazima niwaeleze kidogo, wale ambao hamkulelewa kwa babu yangu. Katika ukoo wetu mgeni hasindikizwi mlangoni tu. Unatembea naye, mnazungumza, mpaka yeye mwenyewe akufungue kwa kusema, "Rudi sasa." Kabla ya neno hilo ukigeuka, umemtukana, hasa kama ni mkubwa wako. Na mtu anayesindikiza hahesabiwi kwamba ameondoka nyumbani. Wazee wetu walifika mbali mno kwa njia hiyo, mazungumzo yakinoga.

Mama alisimama kando ya pikipiki yangu. "Kavira, utanisindikisha mpaka kwa daraja?"

"Nitakusindikisha, yaya."

"Mimi kutembea kwa matope siwezi. Panda ya Saidi. Atakurudisha."

Halafu akanigeukia mimi, uso mtakatifu kabisa. "Kahindo, umupe kaske yako. Tuongee mpaka kwa daraja."

Nikampa. Mimi nikavaa kaske ya zamani ya Saidi isiyo na kioo. Mama mdogo alifunga mlango, akaingia tena, akatoka, akafunga tena. Tukaondoka, sisi mbele, wao nyuma yetu karibu, maana vile visanduku vikiachana mbali havisikilizani.

Sasa mimi sikuwa na intakomu, nikawa nasikia nusu tu ya mazungumzo, ile ya mama, anayopiga kelele kisogoni mwangu kama watu wazima wanavyopiga simu. Tulipokaribia daraja nilipunguza mwendo. Mama akanichokonoa mbavu. "Endesha," akanong'ona. Kisha kwa sauti kubwa: "Kavira, tuseme ukweli leo. Ule mutungi wa kasiksi ya harusi ya shangazi, nani alisema tuonje kwanza?"

Daraja likapita.

"Hapana! Wewe njo ulikuwa na kata mukononi! ... Nani? Mimi? Mimi nilikuwa nachunga njia tu!"

Hapo nikaelewa, nikaanza kucheka peke yangu ndani ya kaske ya Saidi. Mama alikuwa hajasema "rudi", na hakuwa na nia ya kusema. Alikuwa anamvuta mdogo wake kwa mdomo. Ile hadithi ya mtungi nimeisikia tangu utoto: wasichana wawili wametumwa kupeleka pombe ya harusi, wanaonja, wanaonja tena, wanajaza maji ya mto, na wageni wanasifu kwamba ya mwaka huu ni laini. Kwa kawaida inaisha kabla chai haijapoa. Siku hiyo iliingia Mayimoya na kutoka. Mama aliongeza mbuzi ambaye hajawahi kuwepo. Aliongeza padre. Kila mara aliuliza chini chini, "Anakuya?" nami naangalia kwenye kioo cha pembeni, taa ya Saidi iko palepale, namjibu, "Anakuya, mama."

Oicha tuliposimama kwenye msururu niliogopa mama mdogo atashuka. Hakushuka. Alikuwa amekaa nyuma ya Saidi, kaske yangu imemfunika mpaka nyusi, anapunga kidole hewani na kugombana na hewa. Tulipoanza tena nikatazama juu. Upande wa Mbau mbingu ilikuwa nyeusi.

Mvua

Niliomba Mungu mambo mengi maishani, lakini sijawahi kuomba kwa ajili ya fiche. Siku hiyo niliomba. Kama sauti itakatika, mazungumzo yamekwisha, na mazungumzo yakiisha mtu ana haki ya kugeuka.

Ilitushukia baada ya Mbau, mvua ile isiyo na matone, maji tu. Usoni sikuwa na kioo, nilikuwa naona kwa jicho moja moja. Nyuma yangu mama bado yuko harusini. Kaske yake inamiminika maji, yanashuka na waya, yanafika kwenye tumbo la waya, yanaanguka begani kwangu, nayasikia. Fiche ilikuwa inashika. Nilimbariki Saidi na uvivu wa maji.

Ghafla mama akasita. "Kavira? ... Kavira, unanisikia?"

Akaigonga kaske yake kwa kiganja.

"Imekaanga, mama?" nikapiga kelele.

"Hapana. Imenyamaza tu." Kisha, "Anakuya?"

Kioo cha pembeni kilikuwa kimejaa maji. Nilikipangusa kwa kidole, nikaona taa, hafifu. "Anakuya."

Akaita tena, na tena. Nikamsikia akivuta pumzi ndefu. Alipoanza kusema hakupiga kelele, na hakuwa anasema na mimi.

"Kavira, mudogo yangu, inatosha. Unalowa juu yangu. Wewe ni mutu muzima, una nyumba yako, na mume yako iko anakungoja. Rudi sasa. Nimekufungua."

Nilikuwa na hasira na mama kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu. Safari yote ile, halafu kwa sababu ya maji ya mbinguni anamwachia! Alikuwa analia, kaske yake imegonga mgongo wangu, inagonga, inagonga. Nikawa naendesha polepole nikitazama kioo, nangoja ile taa igeuke.

Haikugeuka. Ilipotea kwenye kona, ikarudi. Tukapita Mavivi, taa bado iko nyuma yetu.

"Alirudi?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Iko."

Akanishika kiuno kwa mikono miwili mpaka Beni.

Beni tena

Mke wa Saidi alituvua nguo za maji, akatupa vitenge vikavu, akatuketisha karibu na mbabula. Mama alipewa chai ya tangawizi akalala kabla ya kuimaliza. Saidi akaniita barazani, kaske yangu mkononi, ile aliyovaa mama mdogo.

"Dada, kuya uone."

Ule mpira wake, mkono mfupi wa shati, ulikuwa umekunjwa juu vizuri kabisa, kama mtu anavyokunja nguo akitaka kuosha vyombo. Fiche imechomolewa, waya umesukumwa ndani ya kitambaa cha kaske. Saidi akaigeuza kwenye mwanga. Ndani ya tundu, kavu. Grisi nyeupe palepale, ina alama ya kidole.

"Maji ikiingia inakaangaka kwanza," akasema polepole.

Wote wawili tukageuka tukamwangalia mama mdogo Kavira kule kwenye makaa. Alikuwa amenyoosha mikono apate joto, na kidole gumba chake kilikuwa kinang'aa. Saidi ni mtu mwenye adabu. Alirudisha fiche mahali pake, akashusha mpira, akasema adhana inakaribia, akaondoka.

Nikaenda nikaketi karibu na mama mdogo. Hakungoja nimuulize.

"Yaya ni mutu wa huruma," akasema, anatazama makaa. "Tangu utoto. Mvua ikinyesha, analegea. Nilisikia sauti yake inaanza kubadilika, nikajua sasa atasema nirudi. Na akisema, Kahindo, minarudi. Nitafanya nini? Ni mukubwa yangu." Akavuta kitenge mabegani. "Usiku kule ninakuwa naogopa. Naogopa vibaya. Lakini marehemu nilimupatia neno yangu."

"Kwa hiyo umehama, mama mudogo?"

Alinitazama kama nimemtukana. "Nani alihama? Mimi niko nasindikisha dada yangu. Hajanifungua."

Kisha akapangusa kidole gumba kwenye ukingo wa kitenge, akamwendea mama kumfunika miguu. Sikumwambia kwamba mama alikuwa ameshasema neno lile, ndani ya mvua, kwa kaske isiyosikia. Mpaka leo sijamwambia.

Mususa

Kutoka Beni mpaka Butembo jua liliwaka, mama mdogo bado nyuma ya Saidi, na dada hao wawili wakagombana kuhusu mtungi njia nzima, na Kabasha tukanunua mahindi kwa yule yule mama. Pale Maboya nilisikia mama anasema nyuma yangu, "Kavira, angalia kuume, ule muti." Sijui mama mdogo alijibu nini. Mama alicheka sana.

Tangu siku hiyo yuko kwetu. Saidi alirudi Beni peke yake. Mama mdogo anapika, anapalilia bustani yangu bila kuulizwa, anakosoa chumvi yangu, na akikutana na jirani akiulizwa atakaa mpaka lini, anasema anangoja dada yake amfungue.

Juzi, wote wawili wameketi uani wanamenya viazi, mama akaniita. Anamenya kwa vidole tu, na ganda lake ni jembamba kuliko la sisi wenye macho.

"Kahindo, ile fiche ya Kavira, maji iliingia?"

Nikamwangalia mama mdogo. Alikuwa ameinama juu ya kiazi kimoja kana kwamba kimeandikwa kitu.

"Iliingia, mama."

"Mingi?"

"Mingi. Mvua ya Mbau ni kali."

"Ni kali," mama akakubali. Aliendelea kumenya kidogo. Halafu akanyoosha mkono, akatafuta hewani mpaka akaupata mkono wa mdogo wake, wenye maji ya viazi, akaushika.

"Kavira, iyo mvua ikipungua, nitakufungua urudi, eh?"

"Ikipungua, yaya," mama mdogo akajibu.

Ilikuwa saa sita ya mchana, na hapakuwa na wingu hata moja juu ya Mususa.